UZI: Mustakabali wa miwani janja na hedseti za uhalisia pepe, kwa jicho la fundi miwani

Wanajukwaa, habari zenu.

Nimesoma nyuzi kadhaa humu zinazojadili iwapo miwani janja itachukua nafasi ya simu, na karibu zote zinalipima jambo hili kwa programu, kamera na kasi ya chipu. Kazi yangu ni kupima macho na kutengeneza miwani ya kawaida, na kwa kuwa siku nzima nashughulika na nyuso za watu, nalitazama jambo hili kwa kuanzia puani na masikioni. Hoja yangu ni kwamba kifaa kitakachoshinda ni kile ambacho mtu atakubali kukivaa kuanzia asubuhi hadi jioni bila kukikumbuka, na kwamba kikishafika hapo, sisi wasemaji wa Kiswahili tutakutana na kizuizi ambacho kwenye simu tulikuwa na namna ya kukikwepa, nacho ni lugha ya kukiamuru kifaa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mwaka 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichoonyesha maumbo ya kompyuta mbele ya macho, nacho kilikuwa kizito kiasi kwamba kilining'inizwa kwenye dari. Tangu hapo historia nzima ya vifaa hivi imekuwa historia ya kupunguza uzito bila kupoteza picha. Google Glass ilipotolewa mwaka 2013 kwa dola 1,500 ilikuwa nyepesi, lakini ilimfanya mvaaji aonekane mtu wa ajabu na iliwatia hofu waliokuwa mbele yake kwa sababu ya kamera, na Januari 2015 uuzaji kwa watu wa kawaida ukasimamishwa. HoloLens, hedseti ya Microsoft iliyokuja mwaka 2016, ilipeleka uhalisia ulioongezewa (picha za kompyuta zinazowekwa juu ya kile mtu anachokiona) viwandani na vyuoni, na toleo lake la pili liliuzwa dola 3,500 hadi Microsoft ilipoacha kulitengeneza mwaka 2024. Apple ilianza kuuza Vision Pro Februari 2024 kwa dola 3,499. Skrini zake ni za ajabu kweli, lakini kichwani inakaa na gramu zaidi ya 600, na betri yake imetenganishwa na kuwekwa mfukoni kwa waya.

Halafu kuna kifaa ambacho wachambuzi wengi hawakukipa uzito. Oktoba 2023 kampuni ya Meta na EssilorLuxottica walianza kuuza miwani ya Ray-Ban yenye kamera, spika na maikrofoni, bila skrini yoyote. Uzito wake ni takribani gramu 50 na bei yake ilianzia dola 299. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2025 EssilorLuxottica ilitangaza kwamba zaidi ya jozi milioni mbili zilikuwa zimeuzwa. Kwa vigezo vya wahandisi hiyo miwani haikustahili hata kuitwa uhalisia ulioongezewa, kwa kuwa haiongezi chochote machoni. Lakini EssilorLuxottica ni kampuni ya lenzi na fremu, inajua uso wa binadamu, na ilianza na kitu ambacho watu walikuwa tayari wanakivaa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye ujuzi wangu.

Fremu ya kawaida ninayompa mteja, pamoja na lenzi zake, huwa na gramu kati ya 20 na 40. Ikizidi hapo, mteja hurudi. Anaporudi hasemi kwamba miwani ni nzito. Anasema inateleza, au kichwa kinamuuma jioni, au anaonyesha alama mbili nyekundu pembeni mwa pua. Uzito huo wote hubebwa na vitu vitatu tu: daraja la pua na masikio mawili. Fremu nyingi zinazotoka Ulaya na Marekani zimechongwa kwa pua yenye daraja la juu na jembamba, hivyo zikivaliwa na watu wengi wa kwetu hushuka, na zikishuka milimita tatu tu, kitovu cha lenzi kinaachana na mboni ya jicho. Kwa miwani ya kusomea hilo ni usumbufu mdogo unaovumilika. Kwa miwani yenye skrini ni balaa, kwa sababu dirisha ambalo jicho linapaswa kuwa ndani yake ili lione picha ni dogo, na mtu akitoka nje ya dirisha hilo picha hukatika upande mmoja au hupotea kabisa. Ongezeni jasho la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, kisha mfikirie fremu ya gramu 70 yenye mikono minene iliyojaa betri.

Umbali kati ya mboni mbili nao si mchezo. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya milimita 54 na 74, na mimi huupima kwa rula ndogo mteja akinitazama usoni, kisha narudia kwa kipimo cha mashine. Hedseti nzuri za uhalisia pepe, yaani zile zinazofunika macho na kumwonyesha mtu ulimwengu wa kompyuta, zina namna ya kurekebisha lenzi ili zilingane na umbali huo, lakini mara nyingi mtu huazimwa hedseti ya mwenzake, haelezwi kuhusu marekebisho hayo, anaona ukungu, anapata kizunguzungu, kisha anahitimisha kwamba teknolojia haimfai. Hedseti haikuwa na tatizo. Ilikuwa imepangwa kwa macho ya mtu mwingine.

Kuna jambo la ndani zaidi linalosababisha uchovu. Tunapotazama kitu kilicho karibu, macho yetu hufanya kazi mbili kwa pamoja: yanageuka kuelekeana, na lenzi ya ndani ya kila jicho hujikaza ili kupata taswira safi. Ndani ya hedseti, picha iko kwenye umbali mmoja usiobadilika, mara nyingi kama mita moja hadi mbili kwa hesabu ya lenzi, lakini kitu kinachoonyeshwa kinaweza kuonekana kiko sentimita thelathini kutoka puani. Macho yanageuka kukifuata kitu, lakini lenzi ya ndani lazima ibaki pale pale, na ubongo unapokea taarifa mbili zinazopingana. Tatizo hili linajulikana kwa miaka mingi na bado halina dawa kwenye bidhaa zinazouzwa madukani. Ndiyo maana naamini hedseti ya uhalisia pepe itabaki kifaa cha kutumia kwa muda mfupi na kwa kazi maalumu, sawa na darubini ya maabara ambayo hakuna mtu anayetembea nayo barabarani.

Jeshi la Marekani lilijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2021 liliingia mkataba na Microsoft, wenye thamani inayoweza kufika karibu dola bilioni 22 kwa miaka kumi, wa kutengeneza kifaa cha askari kilichotokana na HoloLens. Baadhi ya askari walioijaribu waliripoti kichefuchefu, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho, na mwaka 2025 usimamizi wa mradi ukahamishiwa kampuni ya Anduril. Ikiwa fedha kiasi hicho, pamoja na nidhamu ya kijeshi ya kuvaa kile unachoamriwa kuvaa, havikutosha kulizima tatizo la macho, sioni ni vipi mwalimu au mhasibu atavaa kifaa cha namna hiyo saa nane kwa siku.

Tuje sasa kwenye miwani nyepesi yenye skrini, ambako naona ndiko mambo yanakoelekea. Septemba 2024 Meta ilionyesha sampuli iitwayo Orion: chini ya gramu 100, uwanja wa kuona wa nyuzi 70 hivi, lenzi za silikoni kabaidi badala ya kioo cha kawaida, na bangili inayosoma mawimbi madogo ya umeme wa misuli ya mkono ili kidole kikigusana na gumba iwe amri. Hiyo haiuzwi, kwa sababu kuitengeneza ni ghali mno. Mwaka mmoja baadaye ikaja bidhaa ya kuuzwa, Meta Ray-Ban Display, kwa dola 799, yenye uzito wa gramu 69 na skrini ndogo kwenye lenzi ya kulia peke yake, inayochukua nyuzi 20 tu za uwanja wa kuona. Tofauti kati ya 70 na 20 ndiyo inayoonyesha umbali uliopo kati ya maabara na kaunta ya duka.

Kigumu hapo ni mwanga. Skrini yenyewe imefichwa kwenye mkono wa fremu, na nuru yake hupitishwa ndani ya lenzi hadi ifike mbele ya mboni. Njiani sehemu kubwa ya nuru hiyo hupotea, na kile kidogo kinachobaki kinapaswa kushindana na jua. Nachukulia mfano wa Kilwa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulishapima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani, kwa hiyo maumbo ya kuta, kuba na nguzo yapo kwenye kompyuta kwa usahihi mkubwa. Mgeni akisimama mbele ya Msikiti Mkuu na kuona kuba zilizoanguka zimerudi mahali pake juu ya nguzo, huyo amepata kitu ambacho kitabu cha mwongozo hakiwezi kumpa. Lakini atakuwa amesimama juani saa sita mchana, mbele ya mawe meupe ya matumbawe. Miwani ya Meta niliyoitaja hufikisha mwangaza wa niti 5,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini) na lenzi zake hujitia giza zenyewe juani, na hata hivyo dirisha lake ni dogo kuliko ukuta mmoja wa msikiti. Kwa leo mgeni huyo angehudumiwa vizuri zaidi kwa kuinua simu au tableti, na hedseti angeivaa ndani ya chumba cha makumbusho, mbali na jua. Nayaandika haya kwa sababu nimeona watu wakitoa ahadi kubwa kwa wadau wa utalii, na ahadi isiyoheshimu jua la pwani haitadumu.

Kuhusu betri na joto nitapita haraka, kwa kuwa mmeshalijadili sana: mkono wa fremu hauna nafasi ya betri kubwa, na kitu kinachogusa ngozi ya kichwa hakiruhusiwi kupata joto. Kazi nzito ya kukokotoa itaendelea kufanywa na simu mfukoni au na seva za mbali kwa muda mrefu ujao, kwa hiyo anayesubiri miwani iue simu atasubiri sana.

Kuna upungufu mwingine ambao sijaona mtu akiutaja humu. Miwani hiyo ya dola 799 inakubali lenzi za nguvu kati ya -4.00 na +4.00 tu. Mteja wangu mwenye -6.00, ambaye asubuhi haoni hata mlango wa chumba chake bila miwani, yuko nje ya mpango. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba kwa angalau bilioni moja kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wengi wa hao bilioni moja wanahitaji miwani ya kawaida tu, ambayo hawajaipata. Miwani janja ikitaka kuwa kifaa cha watu wote, lazima kwanza iwe miwani.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi huu.

Simu ilipotufikia na menyu za Kiingereza, mamilioni ya watu wasiojua Kiingereza waliitumia bila shida kubwa, kwa sababu jicho hukariri mahali. Mama anayeuza samaki Feri anajua kwamba kitufe cha tatu kutoka juu ndicho cha kutuma pesa, na hahitaji kusoma kilichoandikwa. Miwani haina kitufe cha tatu kutoka juu. Ina maikrofoni, na ile ya kisasa zaidi ina bangili ya mkononi kwa amri chache fupi. Kila kilicho na maana, kama kuuliza njia, kutuma ujumbe, kusomewa barua au kutafsiriwa anachosema mgeni, hupitia kwenye maneno yatokayo mdomoni. Kifaa kisipokuelewa, umebaki na fremu ya bei ghali.

Tafsiri ya papo kwa papo kwenye miwani ya Ray-Ban Meta ilianza na Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakikuwemo, na sidhani kilisahaulika: kampuni huanza na lugha ambazo wasemaji wake watanunua mapema. Utaalamu upo. Meta yenyewe ilitoa mwaka 2022 mfumo wa kutafsiri lugha 200, Kiswahili kikiwemo, na programu ya Whisper ya OpenAI iliyotolewa mwaka huohuo hutambua Kiswahili cha kusemwa, ingawa kwa makosa mengi kuliko Kiingereza. Kilichopungua ni sauti za kufundishia mifumo hiyo: sauti za watu wa Tanga na Mombasa, za Bujumbura na Lubumbashi, za wazee waliopungukiwa meno, za watu wanaoongea ndani ya daladala huku konda akigonga bodi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za Kiswahili zinazotolewa kwa hiari, na mtu yeyote humu anaweza kuchangia kwa kusoma sentensi mbele ya simu yake. Kwa maoni yangu kazi hiyo ina uzito zaidi kwa mustakabali wa miwani hii Afrika Mashariki kuliko tangazo lolote la bidhaa mpya.

Wala tusidhani kwamba muda uko mwingi. Xiaomi ilianza kuuza miwani yake ya akili mnemba nchini China Juni 2025 kwa yuan 1,999, yaani takribani dola 280, ikiwa na gramu 40. Tecno, ambayo simu zake zimejaa Kariakoo na Luthuli Avenue, ilionyesha miwani yake mwenyewe kwenye maonyesho ya Barcelona Machi 2025. Simu za bei nafuu zilitufikia kwa njia hiyohiyo, na zilipofika tulizinunua kwanza, maswali tukayauliza baadaye.

Swali mojawapo linahusu wale wasioivaa. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard waliunganisha miwani ya Ray-Ban Meta na huduma ya kutafuta sura mtandaoni, wakaonyesha kwamba ukimtazama mtu usiyemjua ndani ya treni unaweza kupata jina lake na taarifa zake kwa muda mfupi. Miwani ina taa ndogo inayowaka inaporekodi, lakini taa hiyo hufifia juani, na wapo walioonyesha kwamba inaweza kuzimwa na fundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kenya pia imeonyesha kwamba sheria inaweza kuuma: shughuli za Worldcoin za kupiga picha mboni za watu kwa malipo zilisimamishwa Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliagiza taarifa hizo za kibayolojia zifutwe. Lakini huko watu walijipanga foleni wenyewe. Miwani itarekodi sura za watu ambao hawakupanga foleni yoyote: mgonjwa kwenye benchi la hospitali, mwanamke sokoni, mtoto darasani. Ningependa kuona hospitali na shule zikiweka utaratibu wao sasa, miwani yenyewe ikiwa bado haijafika mlangoni.

Karibuni kwa michango.

*

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye kina. Mimi ni mkufunzi wa mafundi umeme, na ningependa kuitetea hedseti kidogo, kwa kuwa naona umeihukumu kwa kigezo cha kuvaliwa siku nzima, wakati sisi hatuhitaji hivyo. Mwanafunzi wangu akikosea kwenye paneli halisi yenye umeme wa awamu tatu, kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Ndani ya hedseti anakosea, anaona cheche, anasikia mlio, na anarudia. Nimewaona wanaoingiza mkono kwa pupa mara ya kwanza wakiwa na adabu tofauti kabisa mara ya tatu: wanazima swichi kuu, wanaweka kufuli, wanapima kwa tesita, ndipo wanagusa. Tabia hiyo wanatoka nayo hadi kwenye paneli halisi. Shida yetu ni kwamba darasa lina wanafunzi wengi na hedseti ni moja, inahama uso kwa uso na jasho lake, na wasichana waliosuka nywele au kujifunga hijabu mikanda haiwakai. Unatushauri nini?

MLETA UZI

Mkuu, tunakubaliana, na nashukuru kwa mfano huo, kwa sababu unaonyesha vizuri zaidi kuliko nilivyoandika mimi ni wapi hedseti ina nafasi yake: mahali ambapo kosa ni la hatari au la gharama, na somo ni fupi. Walmart ilisambaza maelfu ya hedseti kwenye maduka yake Marekani kuanzia mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo ya mafunzo, na mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya uhalisia pepe kwa maumivu sugu ya mgongo, ambayo mgonjwa hufanya nyumbani kwa vipindi vifupi.

Kuhusu usafi, badilisheni sponji ya usoni iwe ya silikoni, ambayo inafutika, na futeni kwa dawa kila anapotoka mtu. Lenzi msizifute kwa spiriti kamwe, kwani zina utando unaoharibika. Tumieni kitambaa kikavu cha miwani. Msiache hedseti dirishani, maana jua likipita kwenye lenzi zile huunguza skrini kwa dakika chache na doa halitoki tena. Kabla somo halijaanza, pimeni umbali wa mboni wa kila mwanafunzi kwa rula, mwandike namba yake kwenye daftari la darasa, na kila anayevaa aweke namba yake kwanza. Kwa waliosuka na wanaovaa hijabu, mkanda mgumu wenye gurudumu la kukazia nyuma hukaa vizuri zaidi kuliko ule laini unaokuja na kifaa, kwa sababu uzito wake unashikwa chini ya kisogo na hautegemei utosi.

*

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba kutofautiana. Televisheni za picha tatu-dimensia zilitangazwa kwa kishindo hikihiki, na kufikia mwaka 2017 watengenezaji wakubwa wa mwisho walikuwa wameachana nazo. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia vifaa hivi kilipata hasara ya dola bilioni 17.7 mwaka 2024 peke yake. Biashara isiyojilipa haina mustakabali, hata ikiwa na lenzi nzuri namna gani.

MLETA UZI

Hoja yako ni nzito, na kwa upande wa hedseti za burudani naungana nawe kwa kiasi kikubwa. Ila televisheni zile zilimtaka mtu asiye na haja ya miwani avae miwani sebuleni, bila kumpa faida yoyote nje ya sebule. Miwani janja inaanza na mtu ambaye ameshavaa miwani na hataivua. Hasara ya Meta inaonyesha kwamba kampuni moja imelipia utafiti kwa fedha nyingi kuliko soko lilivyoweza kurudisha hadi sasa. Inawezekana kabisa Meta ikachoka, na bidhaa ya bei nafuu ikatoka kwa wengine waliosubiri pembeni. Jambo ambalo lingenifanya nikubaliane nawe kabisa ni kama watu walionunua ile miwani isiyo na skrini wangekuwa wameiacha kabatini. Mauzo yake yaliendelea kupanda mwaka 2025, na EssilorLuxottica ilikuwa ikipanga kufikia uwezo wa kutengeneza jozi milioni kumi kwa mwaka ifikapo mwishoni mwa 2026. Kampuni ya fremu haiongezi mashine kwa ajili ya fremu zinazorudishwa.

*

MCHANGIAJI WA TATU

Kaka, nina mdogo wangu asiyeona. Umeandika mengi kuhusu macho yanayoona. Je, kuna chochote humu kwa ajili yake, au naye asubiri?

MLETA UZI

Dada, kwa kweli yeye ndiye aliyepaswa kutajwa mapema, kwa sababu kwa mtu asiyeona kukosekana kwa skrini si upungufu. Be My Eyes, huduma iliyoanzia Denmark mwaka 2015, humuunganisha mtu asiyeona na mtu wa kujitolea anayeona kupitia kamera, na tangu mwishoni mwa mwaka 2024 huduma hiyo inapatikana kupitia miwani ya Ray-Ban Meta. Tofauti na simu ni kubwa: mikono yote miwili inabaki huru, mmoja na fimbo na mwingine na mfuko, na kamera inatazama palepale uso ulipogeukia.

Kwa kuwa miwani hiyo haiuzwi rasmi kwetu na haiitikii Kiswahili, ningemshauri aanze na programu hiyo kwenye simu ya kawaida, ambako haina malipo, na asajili Kiswahili kuwa lugha yake ili aunganishwe na wanaojitolea wanaokizungumza. Nawaomba na wanajukwaa wengine mjisajili upande wa kujitolea. Akikupigia mtu kutoka Morogoro anayetaka kujua kama dawa aliyoishika ni ya asubuhi au ya usiku, utahitaji nusu dakika kumsaidia.

*

MCHANGIAJI WA NNE

Mtaalamu, mwanangu ana miaka minane na mjomba wake aliyeko Canada amemletea hedseti. Anaililia kila siku. Nimruhusu?

MLETA UZI

Hapana, si kwa sasa. Meta imeweka miaka 10 kuwa umri wa chini kabisa kwa hedseti zake, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, na Apple imeweka miaka 13 kwa Vision Pro. Mtoto wa miaka minane bado anakua kichwa, umbali wa mboni zake kwa kawaida ni mdogo kuliko kiwango cha chini ambacho hedseti nyingi zinaweza kurekebishwa, na hawezi kukueleza vizuri kwamba anaona picha mbili. Atasema tu kwamba mchezo ni mgumu.

Lakini itumie fursa hiyo. Mpeleke akapimwe macho, hasa kama anasogea karibu na televisheni au anainamisha kichwa upande mmoja anapoandika, kwa sababu jicho moja likiwa dhaifu katika umri huo bado linaweza kusaidiwa, na kadiri miaka inavyosonga msaada huo unazidi kuwa mgumu. Hedseti iweke kabatini, mfuniko wa lenzi ukiwa juu, betri ikiwa na chaji kama nusu, na uichaji tena kila baada ya miezi michache ili isife kabla hajaifikia.